UZI: Nani ampime mtu kabla ya kuwekewa mikono, presbiteri (baraza la wachungaji na wazee wa eneo zima) iliyo mbali au sisi tunaoishi naye? (Wapresbiteri Mtwara)

#1 Mwana wa Chikongola (mleta mada)
Salaam wadau wa kusini na wengine wote.

Sisi ni ushirika mdogo wa Kipresbiteri hapa Mtwara mjini. Tumechanganyika: walimu waliotoka Kenya, ndugu wa Malawi waliokuja kwa biashara, na wenyeji tulioikuta Injili ukubwani. Mwezi ujao tunakaa kuchagua wazee wa kanisa, na pia kumpendekeza mwinjilisti wetu awekewe mikono kuwa mchungaji. Ugomvi umeanza kabla kikao hakijaitishwa.

Kanuni tulizorithi zinadai mchungaji awe na diploma ya thiolojia, si chini ya hapo. Mwinjilisti wetu kaishia darasa la saba. Ni yeye aliyefungua vituo vya Nanguruwe na Kitaya kwa baiskeli. Anazika, anapatanisha wanandoa, anahubiri Kiswahili na Kimakonde na watu wanamsikia. Ila hawezi kubatiza wala kuongoza Meza ya Bwana mpaka mgeni aje kutoka Dar. Mwaka jana bibi mmoja alifariki Kitaya akiiomba Meza. Mwinjilisti alikesha naye, na hakuwa na ruhusa ya kumpa.

Msimamo wangu nauweka wazi: viwango vya kumwekea mtu mikono vipimwe na wanaomjua. Walio mbali wanachokiona ni vyeti. Anayepinga aje na hoja.

#2 Bodaboda wa Ligula
Naweka kambi hapa.

#3 Mnyasa
Mleta mada, baba zetu wa Livingstonia, Malawi, walipita hukohuko. Misheni ile ya Waskoti ilianza 1875. Wachungaji wa kwanza weusi, Yesaya Zerenji Mwase, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono 1914. Karibu miaka 40! Na msidhani walikuwa hawajasoma. Masomo ya thiolojia walishayamaliza miaka mingi nyuma, wakawa wanahubiri na kulea makanisa huku wakiambiwa hawajaiva. Kila walipokikaribia kiwango, kilisogezwa. Mwase alichoka, 1933 akatoka na kuanzisha kanisa la Waafrika wenyewe.

#4 Chitangali Kwetu
Mimi Mwanglikana wa Masasi, nadandia uzi wa majirani. Kwetu misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Masasi 1876. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Kiungani, Zanzibar, alipewa upadri 1890 na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali. Ni miaka 24 kabla ya hao watatu wa Mnyasa. Kwa hiyo wazungu wa wakati ule hawakuwa na akili moja. Ninyi Wapresbiteri mnapenda tu mitihani.

#5 Mzee Mtawala
Chitangali Kwetu, umechokoza lakini kuna jambo umeligusa. Kwenu askofu mmoja akiridhika, mtu anapata upadri. Kwetu hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka hayo. Lazima kikao kikae, kihoji, kipige kura. Ndiyo maana tunachelewa, na ndiyo maana pia mkubwa mmoja hawezi kumpachika mpwa wake.

Sasa nimrekebishe mleta mada. Umechanganya ngazi mbili. Mimi nimelelewa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) Kenya na nimekuwa mzee wa kanisa huko kabla ya kuhamishiwa kazi huku. Mzee wa kanisa anachaguliwa na ushirika na kupimwa na baraza la wazee wa palepale, kwa hiyo hilo unalolililia unalo tayari. Mchungaji ni jambo jingine. Yeye ni mwanachama wa presbiteri, si wa ushirika. Akiwekewa mikono Mtwara anatambulika Mtwara na Nyeri vilevile, anaweza kuitwa popote. Ndiyo sababu wale wa mbali wanataka kumhoji: kesho anaweza kuwa wao.

#6 Mwalimu wa Tandahimba
Mimi napinga moja kwa moja. Mmesahau Shakahola? 2023, msituni Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa. Rwanda waliliona mapema, 2018 wakapitisha sheria inayomtaka kiongozi wa dhehebu awe na shahada ya thiolojia, waliokuwa hawana wakapewa miaka 5. Diploma si ukoloni. Mtu anayesimama juu ya roho za watu asipojua kusoma Maandiko kwa mpangilio atawaongoza kwa ndoto zake.

Upendo wenu kwa mwinjilisti nauelewa. Hata mimi nampenda, kanifungia ndoa ya dada yangu kwa mahubiri mazuri ingawa cheti alisaini mgeni. Lakini kumpenda mtu hakumfanyi awe tayari.

#7 Bint Mikindani
Mwalimu, Shakahola haikutokana na kukosa cheti. Ilitokana na mtu aliyekuwa hana wa kumwita akamhoji. Hakuwa na baraza wala presbiteri juu yake. Wapo wenye shahada wanaokula sadaka na kuvunja ndoa za watu, na wanaojua hilo ni majirani zao, si waliosahihisha mitihani. Cheti hakiwezi kukuambia mtu anaishije na mkewe.

#8 Kijana wa Shangani
Hili la elimu liliwapasua Wapresbiteri wa Marekani mara mbili, na kila mara kwa hali kama yetu: nchi pana, wachungaji wachache, uamsho umewaka.

Ya kwanza: Mchungaji William Tennent alikuwa anawafundisha vijana kwenye nyumba ya magogo Neshaminy, Pennsylvania. Mwaka 1738 Sinodi ya Philadelphia (baraza lililo juu ya presbiteri) ikaamua asiyetoka vyuo vikubwa ahojiwe kwanza na kamati ya sinodi. Presbiteri za kwao zikaona zimedharauliwa. 1741 wakagawanyika, wakarudiana 1758.

Ya pili: Kentucky na Tennessee. Uamsho wa 1800 ulijaza watu kuliko wachungaji. Presbiteri ya Cumberland ikaanza kuwapa leseni wahubiri wasiojua Kilatini na Kiyunani. Sinodi ya Kentucky ikaingilia, presbiteri ikavunjwa. Mwaka 1810 Finis Ewing, Samuel King na Samuel McAdow wakaianzisha upya kwa McAdow, Tennessee, ikawa dhehebu kamili mpaka leo.

#9 Bodaboda wa Ligula
Umetutoa Shangani mpaka Kentucky bila nauli, mkuu. Endelea, nipo.

#10 Mwalimu wa Tandahimba
#8 ahsante, ila huo mfano wa kwanza unanisaidia mimi. Tennent hakuwa anawaachia vijana wabaki na darasa la saba. Aliwafundisha Kiyunani, Kiebrania na thiolojia palepale kwenye magogo, na watu wa mrengo ule ndio walioanzisha chuo cha New Jersey 1746, hicho kinachoitwa Princeton. Fundisho lake ni kwamba shule isogezwe karibu. Halisemi shule iondolewe. Kwa nini hatumsomeshi mwinjilisti hapahapa, jioni, walimu tupo?

#11 Mwana wa Chikongola
Mwalimu, ana miaka zaidi ya 50 na shamba la korosho ndilo linalomlisha, maana ushirika haumlipi. Kipindi cha mnada umwambie akae darasani?

#12 Korosho Ghafi
Tukiwa kwenye korosho, huko Tandahimba AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zimeshaanza kupokea? Stakabadhi za mwaka huu zinatoka lini?

#13 Bint Mikindani
Ndugu yangu, kuna uzi wa korosho kule juu. Hapa tuko na mikono ya wachungaji.

#14 Mama Naliendele
Mmebishana weee, wanaume watupu, na hakuna aliyetutaja.

Kanuni zetu hazisemi mwanamke asiwe mzee wa kanisa. Zimenyamaza tu, na ukimya huo kila mwaka unageuzwa kuwa hapana. Wanaofagia, wanaochangisha, wanaokwenda kwa wagonjwa wodini Ligula, wanaofundisha watoto wote wanajulikana. Mleta mada unasema wanaotujua watupime. Haya, mnatujua. Mbona hamjatupima?

Na msiseme ni mambo mapya. Louisa Woosley aliwekewa mikono kuwa mchungaji 1889 na Presbiteri ya Nolin, hukohuko kwa hao Cumberland wa #8. Sinodi ikapinga, presbiteri yake haikumwacha. Kanisa la Presbiteri la Marekani la kaskazini lilikubali wazee wanawake 1930, na 1956 Margaret Towner akawa mchungaji. Scotland waliruhusu wazee 1966 na wachungaji 1968. Na msikimbilie kusema ni wazungu: PCEA ilimwekea mikono Nyambura Njoroge 1982. Walutheri wa hapa nchini waliruhusu 1990, wa kwanza wakabarikiwa mwaka uliofuata.

#15 Msomaji wa Nyaraka
Mama, shikamoo. Huduma yako naiheshimu, mtoto wangu anasali kwa sababu yako. Lakini 1 Timotheo 2:12 siwezi kuiruka. Paulo haongei desturi ya Efeso tu, anaunganisha na Adamu na Hawa. Na sura ya 3 inamtaka mwangalizi awe "mume wa mke mmoja". Nikiona kanisa linapiga kura juu ya hilo, nahofia kesho litapiga kura juu ya lolote.

#16 Mama Naliendele
Marahaba mwanangu. Foibe, mhudumu wa kanisa wa Warumi 16, unamweka wapi? Na Debora aliyeamua Israeli?

#17 Mnyasa
Kwetu CCAP, kanisa la Kipresbiteri la Malawi na jirani zake, jambo hili liligawanya sinodi ndani ya kanisa moja. Livingstonia na Blantyre, zilizotoka kwa Waskoti, zilianza kuwawekea mikono wanawake miaka ya karibu na 2000. Nkhoma, iliyotoka kwa Wareformati wa Kidachi wa Afrika Kusini, ilikataa kwa miaka mingi. Mchungaji mwanamke wa Blantyre akivuka mpaka wa sinodi, huyu ni mchungaji au si mchungaji? Kanisa ni moja tangu 1924, Nkhoma ikajiunga 1926, na swali hilo liliwatesa. Mleta mada, hicho ndicho kinachotokea kila eneo likipima kivyake.

#18 Mmakonde Halisi
Mimi nashangaa watu wa kusini kubishia hili. Sisi ni watu wa ukoo wa mama! Mtoto ni wa upande wa mama, mume ndiye aliyekuwa akihamia kwa wakwe. Mwanamke mzee wa kanisa anatushangazaje?

#19 Nanyumbu Yetu
Taratibu, Mmakonde. Ukoo wa mama haumaanishi mama ndiye msemaji. Mwenye sauti ni mjomba, kaka yake mama. Ukienda kuposa unakutana na mjomba. Kwetu Wamakua yupo apwiyamwene, mwanamke anayeshauriwa kabla mwenye (mkuu wa ukoo) hajaamua neno, na bila yeye jambo linakwama. Ila hadharani anasema mwenye.

#20 Chitangali Kwetu
Na bado mmesahau jando. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliona mtu asiyepita jandoni hasikilizwi na wenzake, akaweka jando ya Kikristo. Hicho nacho kilikuwa kiwango, na hakikuandikwa London wala Dar.

#21 Mmakonde Halisi
Nanyumbu, hiyo ya apwiyamwene inanisaidia mimi, si wewe. Kama bila yeye jambo linakwama, basi kikaoni yumo.

#22 Kijana wa Shangani
Kuna kesi mtu wa #15 aijue. 1974, Presbiteri ya Pittsburgh ilimpima kijana Wynn Kenyon. Akasema ukweli wake: wanawake atafanya nao kazi, ila dhamiri haimruhusu kushiriki kuwawekea mikono. Presbiteri iliyomjua ikamkubali. Kesi ikakatiwa rufaa hadi tume ya mahakama ya Mkutano Mkuu, baraza la juu kabisa la dhehebu, wakautengua uamuzi huo. Wakasema usawa wa wanawake umo kwenye katiba, na asiyeweza kuutekeleza hawezi kuwekewa mikono. Wengi waliondoka miaka iliyofuata. Dhehebu la EPC (Evangelical Presbyterian Church) lilianza 1981 likiacha suala la wanawake liamuliwe na kila eneo.

#23 Msomaji wa Nyaraka
Umeona sasa? Walianza kwa "ruhusa", wakamaliza kwa "lazima". Na mwisho wake sote tunaujua, 2011 Wapresbiteri wa Marekani waliandika kwenye katiba kwamba mashoga wawekewe mikono.

#24 Mzee Mtawala
Msomaji, hapo weka sawa, maana wengi wanalirudia hivyo. Hawakuandika hivyo. 1997 ndipo walipoingiza kifungu kilichomtaka kila anayewekewa mikono aishi kwa uaminifu katika ndoa ya mume na mke, au kwa usafi kama hana ndoa. Mkutano Mkuu wa 2010 ukapitisha mabadiliko, presbiteri zilizo nyingi zikayaridhia, yakaanza kutumika tarehe 10 Julai 2011. Kifungu kipya hakilitaji suala hilo kabisa. Kiliondoa lile sharti la nchi nzima, kikarudisha kazi ya kupima kwa baraza au presbiteri inayomwekea mtu mikono. Matokeo ni kwamba baadhi ya presbiteri zikawapokea, nyingine zikakataa. Kanisa la Presbiteri la Mexico likakata uhusiano nao mwaka huohuo, na 2012 likazaliwa ECO, dhehebu la waliojitenga. Mimi mwenyewe siungi mkono uamuzi ule. Lakini tuuseme ulivyo.

#25 Mwalimu wa Tandahimba
Basi hapo mleta mada ajibu. "Viwango vipimwe na wanaomjua mtu." Hoja yako ya #1 ndiyo hoja iliyoshinda Marekani 2011, neno kwa neno. Unaitaka kanuni hiyo hata ikileta usiyoyapenda, au unataka tu mwinjilisti wetu apite?

#26 Bodaboda wa Ligula
Kimya kimetanda. Mleta mada kaenda shamba?

#27 Mwana wa Chikongola
Nipo, nilikuwa nafikiri. Swali la Mwalimu ni zito na sitalikwepa.

Natofautisha. Yako mambo ambayo kanisa lote linakiri, hayo ushirika mmoja hauwezi kuyageuza kwa kura zake. Yako mambo ya uwezo wa mtu: anajua kufundisha, anavumilia, haibi, watu wanamfuata. Hayo ya pili ndiyo ninayosema tunayajua sisi. Diploma ni alama tu ya uwezo. Kama uwezo upo na tunauona, kwa nini alama ikamate mlango?

#28 Kijana wa Shangani
Mkuu, mstari huo walijaribu kuuchora tangu 1729. Sinodi ya Philadelphia ilipolipokea Ungamo la Westminster (tamko la imani la Wapresbiteri), ilisema mtahiniwa mwenye shaka na kifungu fulani aitaje, halafu presbiteri iamue kama kifungu hicho ni cha msingi au la. Ni busara kubwa. Lakini hawakuandika vifungu vya msingi ni vipi. Miaka karibu 300 baadaye bado wanagombana juu ya hilohilo. Wewe utawaandika nani?

#29 Mingoyo Junction
Ngoja nilete la nyumbani, mnaelea juu mno. Baba yangu mdogo hapa Lindi alibatizwa akiwa na wake wawili, wote wamezaa naye. Mchungaji aliyembatiza alimwambia asimfukuze yeyote. Leo ushirika unamtaka awe mzee wa kanisa, na hakuna mwaminifu kama yeye. Kanuni inasema hapana. Amwache mama wa watoto wanne ili asomeke vizuri kwenye fomu?

Na la pili: wangapi huku pwani mke ni Muislamu, ndoa imefungwa bomani, wanaishi kwa amani kuliko sisi? Kanuni inayotaka ndoa ya kanisani inawatupa wote hao.

#30 Msomaji wa Nyaraka
Baba mdogo asimwache mtu. Abaki muumini, apokee Meza, atumike. Uzee wa kanisa si mshahara wa uaminifu, ni kielelezo. Kijana anayemtazama ataoa wangapi?

#31 Mingoyo Junction
Kijana anayemtazama ataona mtu asiyetelekeza familia. Huku hilo ni haba kuliko ndoa za kanisani.

#32 Bint Mikindani
Kuhusu bibi wa Kitaya, Scotland ya mwanamatengenezo John Knox ilikuwa na shida hiyohiyo. 1560 nchi nzima imegeukia Uprotestanti, wachungaji hawafiki popote. Wakaweka wasomaji, watu wa kusoma Maandiko na sala bila sakramenti, wakasema atakayekua katika elimu apandishwe. Yaani wainjilisti wetu hawa. Na kitabu chao cha nidhamu cha mwaka ule kiliona kuwekea mikono si lazima! Ilirudi kwenye kitabu cha pili, 1578. Wale hawakushusha kiwango na hawakuwaacha watu. Walitengeneza ngazi. Sisi hatuna ngazi. Tuna chini na juu.

#33 Mzee Mtawala
Bint kasema vema, ila wasomaji wengi walibaki wasomaji maisha yao yote. Ngazi isiyopandwa ni ukuta.

#34 Mwana wa Chikongola
Wakuu, nimechukua. Kikaoni nitapeleka ombi kwa presbiteri: watume watu wawili waje wakae nasi, wamwone mwinjilisti Kitaya na Nanguruwe, wamhoji kwa Kiswahili juu ya Maandiko na Ungamo, na walimu wetu wamsomeshe nje ya msimu. Wakiridhika, sharti la diploma lisimame kando kwa ajili yake. Kama kuna kifungu kinachozuia, waniandikie.

#35 Mwalimu wa Tandahimba
"Kwa ajili yake" ndiyo inayonitisha. Mwakani atakuja mwingine, na huyo atakuwa na ndugu wengi kikaoni. Kusomesha niko tayari. Kuondoa sharti nitapiga kura ya hapana.

#36 Mama Naliendele
Na ule ukimya wa kanuni? Au umeshapita na upepo wa Kentucky?

#37 Mwana wa Chikongola
Mama, haujapita. Nitatoa hoja uandikwe wazi: mzee wa kanisa ni mwanamke au mwanamume. Ikianguka ianguke kwa kura, si kwa kunyamaza.

#38 Msomaji wa Nyaraka
Nami nitaomba pingamizi langu liandikwe kwenye kumbukumbu.

#39 Mzee Mtawala
Litaandikwa, ni haki yako. Ila jiandae na swali la Kenyon. Hawakuishia kumuuliza anaamini nini. Walitaka kujua atafanya nini siku wanawake wanapowekewa mikono. Wewe ni katibu wa ushirika. Hoja ikipita, utasoma majina yao?

#40 Msomaji wa Nyaraka
Hilo nitalijibu kikaoni, mbele ya wote.